Kona yangu ya kusomea ilivyonitoa jasho mpaka ikakaa sawa

Jumamosi iliyopita mama mkwe kaja kutoka Machame, nimemwamkia, nikaingia jikoni kuchemsha chai, narudi namkuta kalala kwenye kona yangu ya kusomea, miwani puani, Biblia kifuani, miguu kaifunika na shuka. Mama mkwe huyu huyu ambaye mwaka jana alisimama pale pale akaniuliza, "Mama Neema, humu ndani kuna mgonjwa?" Jamani sikumwamsha, chai nikainywa mwenyewe huku nacheka.

Maana ile kauli iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa nashinda Pinterest usiku kucha naangalia kona za kusomea za Denmark na Sweden, kila kitu cheupe, kiti cha mbao nyepesi, ngozi ya kondoo, nikasema na mimi hapa hapa Sakina, Arusha, nitakuwa nayo. Nikapaka ukuta mweupe pee, zulia la manyoya meupe, pazia jeupe, na balbu ile iliyoandikwa 6500K, yenye mwanga mweupe wa baridi, ili mambo yang'ae. Seremala nikampa advansi, akanizungusha wiki 6, dada kesho, dada umeme umekata, kiti kinakuja kimepigwa vanishi nyekundu ya jeneza. Na barabara yetu unaijua, vumbi mtindo mmoja, Januari ilipofika zulia likawa rangi ya ugoro. Usiku ukiwasha taa ni kama umekaa unasubiri kuitwa ukachomwe sindano. Kwa hiyo mama hakukosea, ila angeniambia taratibu, tena siyo mbele ya mawifi.

Kumbe ule weupe wenzetu wana sababu nao. Tromsø kule Norway jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari, sasa wanapaka nyeupe ili kale kamwanga kanakoingia dirishani kasipotee. Sisi jua tunalikimbia! Halafu jioni wanafanya kinyume kabisa na nilichofanya mimi, taa ndogo ndogo za njano, zimewekwa chini chini, na mishumaa, hiyo ndo raha ya kujikunyata mahali penye joto ambayo watu wa Denmark wanaiita hygge. Kuna mbunifu wao mmoja, Poul Henningsen, alitoa taa inaitwa PH 5 mwaka 1958, kaipanga kama visahani ili jicho lako lisikutane na balbu hata ukae wapi. Hapo ndo nikafunguka akili. Nikachukua kikapu cha ukindu, nikakitoboa kitako, nikaning'iniza balbu ya LED ya 2700K, ile ya mwanga wa njano, pembeni ya kiti (zile balbu za zamani zinazochemka usiweke, utaunguza nyumba). Baba Neema alicheka mpaka ilipowaka.

Kwa hiyo wapendwa, anza na mwanga. Kabla hujanunua chochote badilisha balbu, ya njano. Kiti changu kilienda kwa fundi mwingine, akakipiga msasa mpaka wekundu wote ukaisha, chini ilikuwa paini nzuri tu imefichwa, nikamkataza asiguse vanishi ya kung'aa. Foronya za mito nimeshona kwa mapazia ya mtumba ya soko la Kilombero, rangi ya kitani, vumbi halionekani kirahisi. Manyoya achana nayo, shuka la kimasai linatosha sana, hasa hii Juni na Julai ambayo Arusha baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na likichafuka unafua. Na mwanga nimeshasema, sitachoka kusema.

Ila kuna dada zangu mnaandaa kona ya kusomea halafu mnaitazamisha na tivii, chaja ya simu imening'inia hapo hapo, hivi unasoma saa ngapi? Utatumia hela kwa ajili ya picha, ukishapiga picha unarudi kwenye kochi. Najua kwa sababu mimi ile ya kwanza nilikaa mara 3 tu, na kitabu sikumaliza hata kimoja.

Mama kaamka saa kumi na moja jioni, kakiangalia kile kikapu weee, akauliza nimenunua wapi. Nikamwambia nimetengeneza mwenyewe mama. Kanyamaza, kavaa viatu, alipofika mlangoni akaniambia nimtengenezee viwili. Nitamtengenezea, lakini siyo wiki hii.