Maswali ya Wasomaji: Gudulia la Mti Mbichi Lililopasuka Kitakoni

Barua nne za mwezi huu zimetoka kwa wakerezaji, yaani mafundi wanaochonga mti ukizunguka kwenye mashine iitwayo keezo, wanaofanya kazi na mbao mbichi. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu kosa lililomo hurudiwa na karibu kila fundi anayetoka kwenye miguu ya vitanda na kuingia kwenye vyombo vyenye tumbo.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni seremala wa Morogoro, na nina keezo la umeme ambalo kwa miaka kadhaa nimelitumia kukerezea miguu ya vitanda na meza. Jirani alipokata mwembe wake alinipa gogo, nami nikakereza gudulia lenye urefu wa sentimita 25, tumbo la sentimita 18 na mdomo wa sentimita 4. Kuta nilizipunguza hadi milimita 6 hivi, lakini kitako nilikiacha kinene, kama sentimita 4, ili chombo kisipinduke ovyo. Siku hiyo hiyo nilikipaka mafuta ya kitani nikakiweka dirishani. Siku ya tatu nilikuta ufa umeanzia katikati ya kitako na kupanda ubavuni hadi nusu ya tumbo. Mafundi wenzangu wanasema nilipaswa kungoja gogo likauke kwanza. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wamekosea, ingawa ushauri wao unamfaa mtu anayetengeneza mlango au kabati. Gogo zima la mwembe lenye unene huo, likiachwa likauke lenyewe, hupasuka kutoka gomeni kuelekea kwenye kiini kabla halijamaliza kukauka, na ungebaki na kuni. Isitoshe, kufukua tumbo kupitia mdomo wa sentimita 4 katika mti mkavu ni kazi ya kukwangua vumbi, ilhali mti mbichi hukatika kwa maranda marefu yaliyolowa, na makali ya patasi hayaishi upesi. Ulifanya vyema kuuanza mti ukiwa mbichi. Kosa liko kwenye zile sentimita 4 za kitako.

Mti mbichi una maji ya namna mbili. Yapo yaliyojaa ndani ya matundu ya mti, ambayo hutoka kwanza bila kubadilisha umbo, na yapo yaliyonywewa na kuta za nyuzi zenyewe, ambayo huanza kutoka pale unyevu unapofikia karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu. Hapo ndipo mti huanza kusinyaa. Kusinyaa huko hakulingani pande zote. Kwa urefu wa mti ni kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Kutoka kiini kwenda gomeni kunaonekana kwa macho, na kwa kuzunguka kiini, yaani kufuata duara la gome, huwa karibu mara mbili ya hapo. Tuchukue mfano wa mti unaosinyaa asilimia 4 kuelekea kiini na asilimia 7 kwa kuzunguka, na tuseme kitako chako kina upana wa sentimita 12. Mzingo wake ni karibu sentimita 38. Mzingo huo unataka kupungua kwa zaidi ya sentimita 2 na nusu, lakini kitako kilichojaa mti hadi katikati kinaruhusu upungue sentimita 1 na nusu tu. Hiyo sentimita moja na ushei iliyobaki lazima ipatikane mahali fulani, na mti huipata kwa kufunguka kuanzia kwenye kiini, mahali pale pale ulipouona ufa wako ukianzia.

Sasa utazame ukuta wa tumbo. Nao unasinyaa vilevile, tena kwenye mzingo mkubwa zaidi, lakini ndani yake hamna kitu kinachouzuia: duara lote hujivuta likawa dogo, na chombo kikapungua kiuno bila kuumia. Mzinga wa ngoma, ulio wazi juu na chini, husalimika kwa sababu hiyo hiyo, ilhali vinu vingi nilivyoviona vimepasuka vilianzia chini, kwenye unene wa kitako. Mafundi wa ngalawa wa pwani, ambao mwembe ni mti wao wa siku nyingi, nao hufukua gogo likingali bichi, na katika kufukua huko kiini huondoka pamoja na maranda.

Kwa gudulia lijalo, kitako kiwe na unene ule ule wa kuta, milimita 6 hadi 8, ili maji yatoke kwa mwendo mmoja kila mahali. Ikiwa unaogopa chombo kupinduka, lishushe tumbo likae chini zaidi au upanue kitako, wala usitafute uzito kwenye unene. Njia salama zaidi ni kuliepa kabisa tatizo la kiini kwa kulipasua gogo katikati, kukitupa kiini pamoja na sentimita mbili tatu za kila upande, na kukereza gudulia kutoka nusu moja. Chombo cha namna hiyo hakitabaki duara, kwani kitakuwa na umbo la yai kidogo kikikauka, jambo ambalo mimi naliona kuwa uzuri wake, lakini wapo wateja watakaodhani umekosea vipimo. Kama gogo ni dogo na kiini lazima kibaki katikati, toboa kitako kwa keekee, tundu la sentimita 2 hadi 2 na nusu, litakalokiondoa kiini chote. Chombo kikishakauka, ziba tundu hilo kwa kizibo cha mti mkavu wa aina ile ile. Njia hii hupunguza hatari bila kuimaliza, hasa kitako kikiwa kinene.

Mafuta ya kitani hayakukusaidia, na dirisha ndilo lililoharakisha msiba. Gudulia bichi lisipakwe chochote wala lisiguswe na jua au upepo katika juma la kwanza. Liweke ndani ya mfuko wa karatasi, na mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri unafaa sana, ulijaze na kulizungushia maranda yake lenyewe, kisha uufunge na kuuweka kwenye kona yenye kivuli. Kila siku mbili yabadilishe maranda kwa mengine makavu, la sivyo koga itaota na kuacha madoa ya kijivu. Baada ya juma la kwanza anza kulipima uzito kwenye mizani ya jikoni na uandike tarehe na gramu kwa penseli juu ya mfuko wenyewe. Uzito usipobadilika kwa mara tatu mfululizo, zikiachana siku nne au tano, chombo kimekauka kwa kiasi cha hewa ya mahali hapo. Kuta za milimita 6 huchukua majuma machache. Anayetaka chombo kinachobaki duara kamili hana budi kukikereza mara mbili: kwanza kikiwa kibichi, kuta zikiachwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya upana, kisha kikae miezi minne, mitano au zaidi, ndipo kikerezwe tena kwa vipimo vya mwisho. Katika gudulia la mdomo mwembamba hiyo ni adhabu, nami simshauri mtu anayeanza.

Lile lililopasuka usilitupe. Liache likauke kabisa, kisha toboa vitundu viwili viwili kandokando ya ufa na uushone kwa ugwe wa ngozi au waya mwembamba wa shaba, kama kibuyu kilichopasuka kinavyoshonwa. Usijaribu kuuziba kwa gundi na vumbi la mbao wakati mti ungali na maji, kwa sababu ufa utaendelea kutanuka na kiraka kitabanduka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, Iringa. Nimekereza magudulia matatu ya mjakaranda, na yote matatu patasi imetokea nje, mara mbili begani na mara moja chini. Nitajuaje unene wa ukuta wakati jicho haliwezi kuingia ndani?

JIBU: Chini panajulikana kabla hujaanza kufukua. Toboa tundu katikati kwa keekee kutoka mdomoni, ukiwa umefunga utepe kwenye ncha ya kutobolea kuonyesha kina unachokitaka, na uache milimita 6 hadi 8 juu ya mstari wa kitako. Tundu hilo ndilo mpaka wako: ukifukua hadi kulimaliza, simama.

Begani panahitaji waya. Chukua waya mgumu wa milimita 4 na uupinde uwe kama ndoano kubwa, mkono mmoja uingie ndani ya gudulia na mwingine ubaki nje, ncha zake zikitazamana kwa nafasi ya milimita 15 kamili. Ukiugusisha mkono wa ndani kwenye ukuta, nafasi utakayoiona nje kati ya ncha na mti ikiwa milimita 9, basi ukuta una milimita 6. Keezo liwe limesimama unapopima, na kidole kisiingie mdomoni mwa chombo kinachozunguka hata kwa sekunde moja.

Hata hivyo, nadhani tatizo lako kubwa ni mpangilio wa kazi. Wengi hufukua tumbo lote hadi chini, kisha hurudi juu kupunguza bega. Wakirudi, bega limekwisha kujipinda, kwa kuwa mti mbichi hauwasubiri. Upande mmoja patasi hukata hewa na upande wa pili huingia ndani mno. Mimi niliwahi kuacha gudulia kwenye keezo nikaenda kula mchana, bila kulifunika, na nilipolirejea baada ya saa moja lilikuwa likiigongagonga patasi kama gurudumu lililopinda. Nililitoboa pale pale. Malizia kila sehemu kwa unene wake wa mwisho kabla ya kushuka: sentimita 4 za kwanza kutoka mdomoni, pima, kisha 4 zinazofuata, wala usirudi nyuma. Unene wa mti uliobaki chini ndio unaolishikilia gudulia lisitetemeke. Kwa kuwa gogo lako bila shaka limesimamishwa kwa urefu wa mti, fukua kutoka tunduni kwenda ukutani, si kinyume chake, ili nyuzi zikatike zikiwa zimeegemea nyuzi nyingine. Ukilazimika kuondoka, lifunge kwa kipande cha nailoni au kitambaa kilicholoweshwa.

Usiache maranda yakarundikana ndani. Katika mti mbichi hushikamana kama uji mzito, huibana patasi, na gudulia jembamba hupasuka mikononi mwako. Simamisha keezo kila baada ya dakika moja au mbili na uyatoe. Gogo ambalo halijawa duara lianze kwa mwendo wa chini, mizunguko 400 au 500 kwa dakika kwa upana wa sentimita 20, na kinga ya uso mzima ni bora kuliko miwani, kwani maji ya mti yatakurukia pamoja na vipande vya gome.

Mjakaranda una mbao nyeupe, nawe unaweza kutumia faida hiyo. Ukuta mbichi ukishuka chini ya milimita 4, taa ndogo ikiingizwa ndani huupenya ukuta kwa rangi ya chungwa, na mahali penye giza ndipo penye unene. Mmarekani David Ellsworth, ambaye tangu miaka ya 1970 ameheshimiwa kwa vyombo vyembamba vya aina hii alivyovifukua kwa patasi zilizopindwa kupitia midomo midogo, aliwaonyesha wengi kwamba mkono na sikio vinaweza kufanya kazi ambayo jicho haliifikii. Sikiliza sauti ya mkato: inabadilika ukuta unapopungua, na baada ya magudulia kadhaa utaitambua kabla waya haujakuambia.

SWALI: Ninaishi Mombasa na ninapata mwarobaini kwa urahisi, lakini wateja wanauliza mpingo. Je, mpingo unaweza kukerezwa ukiwa mbichi kwa njia hizi?

JIBU: Unaweza kukerezwa, lakini usiutumie kujifunzia gudulia. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, maji yake hutoka polepole mno, na magogo yake mengi yana nyufa na matundu moyoni kabla hata ya kufika karakanani. Chombo chake hutakiwa kukaa muda mrefu sana kati ya mkerezo wa kwanza na wa pili. Kumbuka pia kwamba mpingo, pamoja na karibu miti yote ya jenasi yake ya Dalbergia, umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, hivyo mteja anayetaka kuupeleka nje ya nchi huenda akahitaji kibali.

Mwarobaini ni mti mzuri kwa kazi yako, ingawa vumbi lake ni chungu kooni; upige msasa ukiwa umefunika pua. Mwembe nao unafaa, ila uko katika familia moja na mkorosho, na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu mikononi na usoni. Ukiona vipele baada ya siku ya kwanza, hamia kwenye mti mwingine.

SWALI: Bakuli langu bichi limepata madoa meusi ya vidole na ya taya za keezo. Msasa hauyaondoi. Nifanye nini? Msomaji wa Bukoba.

JIBU: Hayo ni madoa ya chuma kilichokutana na tanini, kemikali iliyomo ndani ya mti mbichi, hata vumbi la kunolea patasi lililobaki mikononi linatosha kuyaleta. Kata limau, usugue mahali penye doa mti ukingali na unyevu, subiri dakika chache, kisha uoshe kwa maji safi na ufute. Madoa yaliyokaa siku nyingi huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Kabla ya kulifunga bakuli tena, weka kipande cha karatasi ngumu kati ya taya na mti.