Fundi Anajibu: Paa la vigae limechoka, nivue lote au nitengeneze?

SWALI: Fundi shikamoo. Nyumba ya marehemu baba iko hapa Tanga mjini, ilijengwa kabla ya uhuru, juu ina vile vigae vyekundu vya kutoka India. Masika iliyopita vilivuja vyumba viwili na korido, halafu upande mmoja paa limebonyea kama godoro la zamani. Nikaita fundi, akaangalia akiwa hukohuko chini, akasema vigae vimeshakufa, tuvue vyote tupige bati la msauzi na yeye atanisaidia kuvibeba vya zamani bure kabisa. Ndugu zangu wameshakubali, mimi bado roho inagoma. Kigae kimoja kimeandikwa 1865, sasa kweli kitu cha tangu 1865 kitapona? (Mrithi wa Paa, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huyo wa kubeba bure mwambie atulie, vigae vizima vya zamani vina wanunuzi na anajua anachokifanya.

Halafu hiyo 1865 isikutishe. Huo ni mwaka ambao wamisheni wa Basel, mji wa Uswisi, walianzisha kiwanda chao cha vigae kule Mangalore, India, na mwaka huo waliendelea kuugonga kwenye mhuri wao miaka na miaka, kwa hiyo chako kinaweza kuwa kimetoka kiwandani miaka mingi sana baada ya hapo. Geuza na vingine uangalie mgongoni, unaweza kukuta mhuri wa kiwanda kingine kabisa, na hilo ni muhimu kuliko unavyodhani, nitakwambia mbele.

Sasa kuhusu kufa. Udongo uliochomwa vizuri unamaliza miaka mia bila shida, kinachochoka mapema ni vile vinavyoubeba: papi (zile mbao nyembamba vigae vinapolalia), misumari, bati la pale pande mbili za paa zinapokutana kwa ndani, na simenti ya kofia, yaani ule mgongo wa juu kabisa wa paa. Paa kubonyea ni habari ya mbao, kigae hakibonyei, na kuvuja kwenye korido katikati ya nyumba mara nyingi ni lile bati la kwenye kona limeoza, na hapo Tanga na hewa ya chumvi ndiyo usiseme. Kwa hiyo mtu anayesema vigae vimekufa hajapanda hata ngazi, anakisia tu bana.

Panda darini mchana jua likiwa kali, kaa humo gizani dakika kadhaa mpaka macho yazoee, kila unapoona nuru inachungulia weka alama ya chaki kwenye mbao. Angalia na madoa ya maji, maana maji yanaingia huku yanatembea juu ya papi yanadondokea kule, ndiyo sababu watu wanaziba tundu la chumbani wakati tatizo liko mita mbili juu yake. Chukua bisibisi uchome mbao, hasa ncha za kenchi (zile mbao kubwa zinazobeba paa lote) pale zinapokaa ukutani, ikizama kama inaingia kwenye mkate hiyo mbao imekwisha, na ukiona unga laini umemwagika chini ujue kuna wadudu wanakula ndani. Ila ukikuta kenchi zenyewe ngumu na papi tu ndizo zimechoka, mwanangu hapo una paa bado, papi ni mbao za bei ndogo ukilinganisha na kenchi.

Vigae vyenyewe unavipima hivi, unashika kimoja unakigonga kwa kifundo cha kidole, kizima kinalia, chenye ufa kinajibu puu. Kipimo kingine, kiweke kigae kwenye mizani kikiwa kikavu kabisa, kilaze kwenye maji usiku kucha na mchana wake, ukipime tena. Kigae cha aina hiyo kina kama kilo mbili hadi mbili na nusu, sasa kikiwa kimekunywa nusu kilo au zaidi hicho kimelegea. Vinavyomenyeka magamba na kuacha unga mkononi usivirudishe juu.

Kazi yenyewe inafanywa upande mmoja mmoja, usikubali mtu avue nyumba nzima kwa siku moja akakuachia mbingu, na uifanye Januari au Februari kabla masika haijaanza. Vigae vinashushwa kwa mkono na kupangwa vikiwa vimesimama, vinapigwa brashi kwa maji, brashi ya nailoni siyo ya waya. Yule kijana wa mashine ya kuoshea magari mfukuze, ile presha inachubua ngozi ya kigae na ukishaichubua kinaanza kunywa maji. Papi mpya ziwe zenye dawa, umbali kati ya papi na papi upimwe kwa vigae vyako wewe, siyo kwa rula ya fundi aliyozoea nayo kwingine, maana vile vina mifereji ya kushikana na papi zikikosea sentimita moja mvua ya upepo inaingia. Kwenye makali ya paa, yaani safu za chini na za pembeni, funga kila kigae, kina kitundu nyuma kwa ajili hiyo, tumia waya wa shaba kwa sababu wa chuma baharini haukai.

Kwenye kofia ndipo mafundi wengi wanaharibu. Wanapiga simenti kali, inakauka, jua la saa saba linaipanua, usiku inajikunja, miaka miwili imepasuka na maji yameingia. Changanya saruji kipimo 1, chokaa 1, mchanga safi 6, na vigae vya kofia vilowekwe kwanza visije vikanyonya maji ya mchanganyiko. Lile bati la kona weka alumini nene, ila simenti mbichi isiiguse maana inaila.

Vilivyovunjika utavijazia wapi? Hapo ndipo mhuri unarudi. Vya kiwanda kimoja mara nyingi havishikani sawasawa na vya kingine, kwa hiyo unapoenda kutafuta kwenye nyumba zinazobomolewa beba kigae chako mkononi ukijaribishe palepale. Na kama vya kutosha havipatikani, kusanya vizima vyote uvirudishe upande wa mbele, upande wa uani weka vipya vya aina moja.

Lini nitakwambia uvue uweke bati? Kama kenchi zenyewe zimeoza na zaidi ya theluthi moja ya vigae vimelegea, hapo sitabishana na ndugu zako. Lakini mwambie na huyo fundi kwamba hizo kenchi zilijengwa kubeba karibu kilo 40 kila mita ya mraba, ukiweka bati jepesi upepo wa baharini unataka kulinyanyua, lazima kenchi zifungwe kwenye kuta kwa chuma. Ukimwuliza hilo akakutazama tu, tafuta mwingine.

SWALI: Sasa fundi, mimi niko Ruiru, nyumba yetu ina vigae vya simiti, zamani vilikuwa maroon sasa vimekuwa kijivu na vina kuvu ya kijani upande wenye mti. Haivuji. Kuna vijana wamekuja wanasema wakipaka rangi maalum paa litarudi jipya na litadumu. Nilipe? (Baba Watoto, Kiambu)

JIBU: Kama haivuji usilipie dawa ya ugonjwa ambao huna. Rangi ya vigae vya simiti kufifia ni jua tu, uimara wake haujaondoka nayo. Ukitaka kupaka kwa sababu ya sura, sawa, ni nyumba yako, ila waoshe kwanza, wasubiri pakauke kabisa, na rangi isizibe pale kigae kinapolalia kingine, maana pale maji yaliyoingia kidogo na upepo yanatakiwa yapate pa kutokea. Kuvu yenyewe inaondoka kwa brashi na maji, ukipunguza na matawi ya huo mti haitarudi haraka. Wakitumia dawa ya kung'arishia nguo, chomoa kwanza bomba linaloingia kwenye tangi lenu la mvua. Na vya udongo usipake rangi kabisa, hata kama mtu anakulipia.

SWALI: Fundi, langu ni fupi. Nyumba ya shirika tuliyouziwa ina paa la kijivu, mapande mapana yenye mawimbi, wengine wanasema ni vigae wengine wanasema ni asbesto. Naweza kulisugua nipake rangi? (Dada wa Moshi)

JIBU: Mapana, yana mawimbi, kijivu, halafu nyumba ya zamani ya shirika: dada yangu hiyo huenda ni asbesto, usiguse. Usisugue, usitoboe, usikate, watoto wasicheze na vipande vilivyoanguka. Ile ikitoa vumbi ndiyo inaingia mapafuni, na hakuna rangi wala brashi inayostahili hatari hiyo. Wasiliana na NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, wakuelekeze jinsi ya kuthibitisha na nani anaruhusiwa kuliondoa, na kama linavuja kwa sasa weka ndoo, mafundi wa mtaani wasipande.