Je, Atomi Huhisi Mwinuko wa Nakuru?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Nakuru. Mwanafunzi aliniuliza iwapo kupinda kwa nafasi na wakati, alikoeleza Einstein, kunaweza kukigusa kitu kidogo kama atomi, nami nikababaika mbele ya darasa. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwalimu, kunaigusa, na jambo hilo limepimwa. Tuanze na uvutano wenyewe: mwaka 1975, wanafizikia Colella, Overhauser na Werner waligawanya wimbi la nyutroni (chembe isiyo na chaji iliyomo katika kiini cha atomi) katika njia mbili, moja juu kidogo ya nyingine, kisha wakaziunganisha. Kila walipokiinamisha kifaa, idadi ya nyutroni zilizofika ilipanda na kushuka, maana uvutano uliligusa wimbi la kila njia kwa kiasi tofauti kulingana na kimo chake. Hata hivyo, jaribio hilo linaelezeka kwa uvutano wa Newton pekee, kwa hiyo usilitumie darasani kama ushahidi wa Einstein.

Kwa Einstein, kupinda huko kunamaanisha kwamba wakati huenda kasi zaidi kadiri unavyopanda juu. Ushahidi wake umo katika saa za atomi, yaani saa zinazopima wakati kwa mitetemo ya atomi. Mwaka 2022, huko Boulder, Marekani, watafiti walionyesha kwamba ndani ya kundi la atomi za strontiamu lenye kimo cha milimita moja tu, mitetemo ya zile za juu ilikwenda kasi kuliko ya zile za chini. Nakuru iko juu ya Kisumu kwa mita 700 hivi. Saa ya namna hiyo ukiiweka mezani pako ingeitangulia ya Kisumu kwa takriban sehemu 2 za milioni ya sekunde kila mwaka.

Kinachonivutia zaidi ni atomi moja, inayotumika kama saa, iliyo katika vimo viwili kwa pamoja, jambo ambalo fizikia ya kwanta huliruhusu: nadharia inatabiri kwamba, kwa kuwa wakati wake unakwenda kwa kasi mbili, mwingiliano wa mawimbi yake, yaani kule kupanda na kushuka kulikoonekana kwa nyutroni, utafifia.