Maswali na majibu: mashine ya betri ya kupigia misumari ya umaliziaji

Mara hii maswali karibu yote yanahusu kifaa kimoja: mashine ya betri inayopiga misumari myembamba ya kumalizia mbao ndani ya nyumba, yaani sketingi za chini ya ukuta, mikanda ya milango na madirisha, na mikanda ya dari. Swali la ukuta tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu nyumba zetu za matofali ya saruji haziendi sawa na maelezo yaliyoandikwa kwenye maboksi ya mashine hizi.

Dukani nimeonyeshwa ya geji 16 na ya geji 18, na bei hazipishani sana. Nataka kumalizia nyumba ya vyumba vitatu. Nichukue ipi? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

Geji hapa isome kama unavyoisoma kwenye bati: namba ikipanda, unene unashuka. Msumari wa geji 16 una unene wa karibu milimita 1.6, wa geji 18 karibu milimita 1.2. Ipo pia geji 15, karibu milimita 1.8, inayofaa kufungia fremu za milango, na geji 23, karibu milimita 0.6, ambayo kwa kawaida haina kichwa na kazi yake ni kushikilia vipande vidogo wakati gundi inakauka.

Kama unanunua moja tu, chukua geji 18 inayopokea misumari ya milimita 15 hadi 50. Geji 16 inashika kwa nguvu zaidi, hilo ni kweli, lakini inaacha tundu kubwa na inapasua ncha za mbao nyembamba kwa urahisi. Katika nyumba zetu uzito wa sketingi hubebwa na gundi na skrubu, si na msumari mwembamba, kwa hiyo nguvu ya ziada ya geji 16 mara nyingi haikupi faida.

Kabla hujalipa, uliza misumari. Misumari huuzwa ikiwa imebandikwa pamoja kwa safu, yaani mkanda. Mashine nyingi za geji 18 hutumia mkanda wa misumari ulionyooka, lakini za geji 16 ziko za mkanda ulionyooka na za mkanda ulioinama nyuzi 20, na za geji 15 ziko za nyuzi 25 na za nyuzi 34. Mkanda wa mwinamo mmoja hauingii kwenye mashine ya mwinamo mwingine, hata kama geji ni ileile. Mashine isiyo na misumari yake Mtwara mjini wala Masasi itabaki kabatini ikisubiri basi la Dar es Salaam.

Nimepiga sketingi moja kwa moja kwenye ukuta uliopigwa lipu. Misumari mingine imejikunja, mingine imeingia lakini ubao unatingishika. Mashine ni mbovu? (Msomaji, Lindi mjini)

Mashine yako ni nzima. Misumari hii imetengenezwa iingie kwenye mbao. Kwenye lipu inapita kwa sababu lipu ni laini, ikifika kwenye tofali inajikunja, na ile iliyoishia kwenye lipu inashika mchanga tu. Msumari hushika kwa nguvu ya kilicho nyuma yake, na nyuma ya sketingi yako hakuna mbao.

Kama nyumba haijapigwa lipu, una nafasi nzuri kuliko wote. Funga ubao mrefu wa mgongo chini ya ukuta kabla fundi lipu hajaanza. Unene wake uwe sawa na lipu, kwa mfano milimita 20. Ufunge kwa skrubu na fisha (vibomba vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) za milimita 8 kila baada ya sentimita 60, na ukingo wake wa juu ubaki chini ya kimo cha sketingi kwa sentimita 1 hivi ili maungio na lipu yafunikwe. Upake dawa ya mchwa pande zote, pamoja na ncha ulizokata, kabla ya kuufunga. Mchwa wakiingia nyuma ya sketingi utawaona wakiwa wameshamaliza. Sasa piga hesabu ya msumari: sketingi ya milimita 18 na mgongo wa milimita 20 ni jumla milimita 38. Msumari wa milimita 35 unaingia milimita 17 kwenye mgongo na kusimama kabla ya tofali. Ukiweka wa 50, milimita 12 za mwisho zinagonga saruji, msumari unarudi nyuma na kichwa kinabaki nje.

Kama ukuta umeshamalizika, kama wako, mashine iwe msaidizi. Toboa sketingi na ukuta pamoja kwa biti ya saruji ya milimita 6, baada ya kutoboa ubao kwanza kwa biti ya mbao. Panua mdomo wa tundu kwenye ubao uwe na upana wa milimita 10 na kina cha milimita 5. Sukuma fisha ya milimita 6 ipite lipu ikae ndani ya tofali, kisha funga skrubu ya 4 kwa 60, yaani unene milimita 4 na urefu milimita 60. Weka moja sentimita 10 kutoka kila ncha na nyingine kila baada ya sentimita 60. Ziba tundu kwa kizibo cha mbao ileile, ulaze nyuzi zake zifuate nyuzi za ubao, ukate na kupiga msasa. Usitoboe mahali palipo wima chini ya soketi au swichi, maana paipu ya umeme huenda imeshuka hapo.

Ukipenda kuongeza gundi ya tyubu nyuma ya ubao, kwangua kwanza. Gundi itashika rangi, na rangi ikiwa imekalia chokaa inayochujuka itabanduka na kuondoka na ubao wako. Hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye nyumba zilizokuwa na chokaa zikapakwa rangi juu yake.

Mkanda wa mlango ni rahisi zaidi kwa sababu fremu ni ya mbao. Acha milimita 5 za ukingo wa fremu zionekane, piga misumari ya ukingo wa ndani kwenye fremu kila sentimita 30 hadi 40, na ukingo wa nje ulio juu ya lipu ushikwe na gundi. Kwenye kona ya nyuzi 45, paka gundi pande zote mbili za mkato, kisha piga msumari mmoja mfupi kutoka ubavuni kuunganisha vipande, sentimita 3 hivi kutoka nchani. Karibu zaidi ya hapo ubao utapasuka.

Kwenye mpaina inakwenda vizuri. Kwenye mkongo kichwa kinabaki nje milimita 4 au 5, na mara mbili ncha imetokeza ubavuni mwa ubao. (Fundi, Nachingwea)

Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni uzito wa mbao. Mkongo ni mzito kuliko mpaina kwa tofauti kubwa, na mninga unakaa katikati. Zungusha gurudumu la kurekebisha kina cha msumari hadi mwisho, badilisha betri iliyojaa, na ubane mashine kwa nguvu dhidi ya ubao hadi pigo liishe. Mashine za betri ni nzito na hurudi nyuma zinapopiga. Mkono ukilegea, pua inainuka na msumari unakosa milimita chache za mwisho. Bado kichwa kikibaki nje, punguza urefu: 50 ushuke hadi 38. Kinachobaki kisukume kwa panchi na nyundo, usikipige mara ya pili kwa mashine. Jaribu kila mara kwenye kipande cha ubao uleule uliokata, kwa sababu mbao mbili za mkongo kutoka magogo tofauti hazilingani.

La pili ni umbo la ncha. Misumari hii imekatwa kama patasi, haikuchongoka kama msumari wa nyundo. Ikikutana na nyuzi ngumu inapinda kuelekea kushoto au kulia mwa mashine. Kwa hiyo unapopiga kwenye ukingo wa ubao, geuza mashine ikae mtambuko, mwili wake ukikata ukingo badala ya kulala sambamba nao. Msumari ukipinda, utapindia kwenye urefu wa ubao na kubaki ndani. Mkono unaoshika ubao uwe mbali kuliko urefu wa msumari, si chini ya sentimita 10. Msumari wa milimita 50 uliogeuka ndani ya mkongo unafika kwenye kidole kabla hujasikia mlio.

Na mpingo, ambao wasomaji wa Kilwa wameuuliza: weka mashine chini. Mbao inayozama majini haipokei msumari wa milimita 1.2. Toboa kwa biti na ufunge kwa skrubu au gundi.

Mashine imekwama, triga haifanyi kitu. (Msomaji, Newala)

Toa betri kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Kisha toa mkanda wa misumari. Fungua kilango cha mbele ya pua. Nyingi zina klipu ya kuinua, nyingine boliti mbili. Vuta msumari uliojikunja kwa koleo ya mdomo mwembamba. Tazama ule ulimi wa chuma unaopiga: ukiwa umesimama katikati ya njia, urudishe juu taratibu kwa bisibisi au kwa kishikio ambacho baadhi ya mashine zinacho. Funga, rudisha misumari, betri iwe ya mwisho.

Ikiwa hakuna msumari uliokwama, hesabu iliyobaki kwenye magazini, yaani kasha la misumari la mashine. Mashine nyingi hukataa kupiga ikibaki michache ili zisipige hewa. Watu wamezifungua bure kwa sababu hiyo.

Ndugu yangu ameniletea mashine kutoka Marekani, imeandikwa volti 20. Chaja naweza kuchomeka hapa? (Msomaji, Masasi)

Usichomeke kabla ya kusoma kibandiko chake. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Chaja iliyoandikwa 120 peke yake itaungua mara moja. Iliyoandikwa 100–240 haina shida. Ikiwa yako ni ya 120 tu, nunua chaja ya volti 220–240 ya kampuni ileile na aina ileile ya betri, au tumia transfoma ya kushushia umeme yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye chaja.

Hiyo 20 isikutishe. Ndani kuna seli tano za lithiamu. Zikijaa kila moja ina volti 4 na kidogo, jumla kama 20, na zikifanya kazi hukaa kwenye 3.6, jumla 18. Kwa volti, betri ya 18 na ya 20 ni kitu kimoja kwa majina mawili. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na ikitoka kazini ikiwa ya moto iache ipoe ndipo uichaji.

Madoa meusi yametokea kuzunguka kila msumari kwenye mninga wa baraza. (Msomaji, Mikindani)

Kutu, pamoja na utomvu wa mbao wenyewe. Mbao nyingi ngumu zina asidi ya tanini, na ikikutana na chuma palipo na unyevu inatoa rangi nyeusi. Misumari ya kawaida imepakwa zinki nyembamba sana, na upepo wa bahari wenye chumvi unaimaliza upesi. Barazani na kwenye madirisha yanayotazama bahari tumia misumari ya chuma kisichoshika kutu. Ya daraja la 316 inavumilia chumvi kuliko ya 304. Ndani ya nyumba iliyopakwa vanishi vizuri, ya kawaida inatosha.

Kuziba matundu ya misumari kwenye mbao itakayoonyesha rangi yake: paka vanishi mkono wa kwanza, uache ukauke, ndipo uzibe kwa puti ya rangi ya mbao hiyo, kisha mikono mingine. Ukiziba kabla, puti inaingia kwenye vinyweleo na kuacha duara. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe uepuke hapa, kwa sababu gundi hainywi vanishi na kila tundu litaonekana.