Ulizeni Fundi: Mlio wa Asubuhi kwenye Hemi

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mwezi uliopita nilinunua Dodge Challenger R/T ya 2016, injini ya Hemi lita 5.7, imetembea maili 81,000. Nikiliwasha alfajiri kwenda kazini linalia tik tik tik upande wa abiria. Nikifika barabara kuu, mlio umepotea. Aliyeniuzia alisema ndiyo kawaida ya Hemi, na wenzangu hapa ghalani wanasema vivyo hivyo. Nimeliwekea akiba gari hili miaka sita. Niogope au nitulie?
Msomaji, Dayton, Ohio

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na hongera kwa gari. Hayo maneno "kawaida ya Hemi" yaliwahi kunigharimu injini nzima, kwa hiyo nivumilie nikikujibu kwa urefu.

Hemi ina milio miwili inayofanana sana masikioni, lakini maradhi yake ni mbalimbali. Mmoja ni wa bolti, mwingine ni wa kemshafti, yaani ule mhimili wenye nundu unaofungua vali za injini. Wako, kwa jinsi ulivyoueleza, nadhani ni wa bolti. Manifoldi ya ekzosi, yaani lile bomba la kwanza linalopokea moshi kwenye injini, ni ya chuma cha kusubu. Silinda hedi, yaani kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, iliyofungwa nayo ni ya alumini. Vikipata moto havitanuki sawa. Kila safari vinavutana, na zinazoumia ni bolti zinazoviunganisha, hasa zile za nyuma kabisa. Bolti ikikatika kichwa, moshi unapata upenyo, na kila silinda ikitema unasikia tik. Chuma kikishapata moto hutanuka na kuuziba ule upenyo, ndiyo maana ukifika barabara kuu kumenyamaza.

Kesho kabla hujaliwasha, chukua tochi na kioo kidogo cha mkono, mulika pale manifoldi inapokutana na injini. Tafuta tundu ambalo bolti yake haina kichwa, na masizi meusi yaliyolamba alumini pembeni yake. Ukiyaona, jibu unalo. Kazi yenyewe ni kuifungua manifoldi, kuvitoa vipande vya bolti vilivyobaki ndani, kuisawazisha uso au kununua nyingine, kisha kufunga gasketi mpya na bolti mpya zote, si ile iliyokatika peke yake. Usikubali mtu akupakie gundi pale juu akakwambia imepona. Na usilichelewe, maana moshi huo una sumu isiyo na harufu na unavuja hatua chache tu kutoka unapokaa.

Sasa mlio wa pili, ambao naomba usikukute.

Nilikuwa na Challenger R/T ya 2011, nyeusi, gari la kwanza nililojinunulia mwenyewe baada ya miaka mingi ya kufungua ya watu, tangu gereji ya baba mdogo kule Kisauni. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi za usiku hapa Columbus, sina jeki wala mahali pa kulinyanyulia. Likaanza tik tik. Tofauti na lako, la kwangu halikunyamaza hata injini ikiwa moto. Nilijua halijatulia, lakini nilikuwa nimechoka, nikalipeleka gereji moja. Jamaa alifungua boneti, akasikiliza muda wa kumaliza kikombe cha chai, akasema ni kawaida ya Hemi. Nilitaka iwe kweli, nikaamini. Baada ya miezi miwili taa ya injini ikawaka, silinda ya tano inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa.

Tulipoifungua niliona kilichokuwa kikilia. Kemshafti ya Hemi imelala ndani ya bloku, na juu yake kuna tapeti 16, yaani visukuma vali, kila moja ina kigurudumu kidogo chini kinachobingirika juu ya nundu ya kemshafti. Kigurudumu kikikwama, hakibingiriki tena, kinakwangua. Nundu ile ilikuwa imeliwa ikabaki kama kipande cha sabuni ya mwisho wa mwezi. Unga wake wa chuma ulikuwa umeshatembea na oili mpaka kwenye beringi za chini. Kama ningeifungua siku ya kwanza, ningebadilisha kemshafti na tapeti tu.

Tangu hapo situpi filta ya oili bila kuipasua. Naikata kopo, nalikunjua karatasi lake juu ya gazeti, nalikamua, halafu naipitisha sumaku iliyovikwa mfuko wa plastiki. Ukungu mwembamba wa kijivu haunitishi. Vipande vinavyometa, ambavyo ukivisugua kati ya vidole unavisikia, hapo silali. Fanya hivyo mara ya kwanza utakapobadilisha oili, hata kama umezikuta bolti zimekatika. Injini moja inaweza kuwa na maradhi yote mawili.

Oili yake ni 5W-20, kama lita 6.6. Usiweke nzito zaidi ukidhani unaisaidia, kwa sababu kama gia zako ni za otomatiki, mfumo unaozima silinda nne ukiwa hukanyagi mafuta sana unaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo. Mimi nabadilisha kila maili 5,000. Na ukienda kununua plagi usishangae: ni 16, mbili kwa kila silinda.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Challenger Scat Pack ya 2019, ile aina yenye injini kubwa kuliko R/T. Juzi asubuhi, lami kavu, hakuna theluji, nimekanyaga mafuta kidogo tu kwenye kona na nyuma ikataka kunipita. Ni gari au ni mimi?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni matairi. Nguvu farasi 485 zinakwenda magurudumu ya nyuma tu, na kama umefungiwa matairi ya kiangazi, raba yake hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Inakuwa kama unatembelea plastiki. Baridi ya kuganda inaweza hata kuyapasua.

Inama uyasome ubavuni. Baada ya herufi DOT kuna msururu unaoishia na tarakimu nne. Ukikuta 3518, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018, na hilo lishazeeka hata kama kashata zake bado zinaonekana. Nunua ya baridi, manne yote, si mawili ya nyuma. Ukiliweka ndani msimu mzima, ujue betri ya Challenger iko kwenye buti, si mbele. Iache kwenye chaja ndogo. Ukiliendesha, lioshe chini kila ukipita kwenye chumvi ya barabarani.

SWALI: Fundi, narudi Mombasa mwakani. Nataka kusafirisha Challenger yangu kutoka Houston. Nianzie wapi?

JIBU: Kaka, usianze. Kenya haisajili gari la kibinafsi lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka 8, na Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Uundaji wenyewe ulikoma Desemba 2023 kule Brampton, Canada. Nimewaona watu wakilipa meli kwanza na kuuliza baadaye, na inaniuma.

Liuze hapohapo Houston, wanaolitaka wapo. Kama moyo wako uko kwenye V8 ya Kimarekani, Ford ilianza mwaka 2015 kuunda Mustang za usukani wa kulia huko Flat Rock, Michigan, na nyingi zilipelekwa Uingereza. Tafuta huko, iliyo ndani ya miaka 8, na umwombe muuzaji aiwashe asubuhi ikiwa baridi huku unaisikiliza kwenye simu.