Hatukufungwa, na kombe hatukulipata

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kutofungwa ni sawa na kushinda?" Mimi nasema hapana, wala sijibu kwa niliyoyaona kwenye televisheni. Mwaka 2015 nilikuwa beki wa kulia wa timu ya chuo kimoja kidogo hapa Malindi. Msimu mzima hatukufungwa hata mechi moja. Kombe wakachukua wengine.

Chuo chenyewe ukikiona ungedhani ni shule ya msingi iliyobahatika kupata karakana. Ufundi wa magari, umeme, upishi, basi. Golikipa wetu alikuwa wa upishi, na siku za mtihani wa vitendo alikuja mazoezini mikono inanuka vitunguu. Jezi tulikuwa na seti moja tu. Zilifuliwa Jumapili zikaanikwa uani, na lazima mtu akae kuzilinda, kwa sababu mbuzi wa jirani alishaitafuna namba 6 mgongoni. Mwenye namba hiyo alishonewa kiraka cha leso, na mpaka leo tunamwita Mbuzi, ingawa sasa ni baba wa watoto watatu na anatuomba tuache.

Ligi ilikuwa ya vyuo 6, nyumbani na ugenini, kwa hiyo mechi 10 kwa kila timu. Kwenda ugenini kulimaanisha Kilifi, Mtwapa, na mara moja Mombasa, kilomita kama 120 ndani ya matatu ya kukodi, tumebanana hata yule aliyepata kiti alikuwa amempakata mwenzake. Chakula cha njiani kilikuwa mahamri na mbaazi kwenye ndoo yenye kifuniko. Hapo sina malalamiko. Mechi 5 za kwanza tulishinda 4, tukatoka sare 1, na hiyo sare ilikuwa 1-1 na hao waliokuja kuwa mabingwa. Wao wakati ule walikuwa wameshafungwa mara 2. Tulikuwa na pointi 13, wao 7. Tuliwaonea huruma, Mungu atusamehe.

Ila hakuna aliyekuwa akihesabu. Tulicheza tu. Mimi nilikuwa beki kwa jina. Mpira ukienda mbele nami naenda, winga wangu akiingia ndani mimi napita nje, narudi nikihema kama mbwa wa mwindaji. Siku moja gwarideni mkuu wa chuo akatusimamisha mbele ya wanafunzi wote akasema: "Hii ndiyo timu isiyofungwa." Wakapiga makofi. Nikakumbuka ni kweli, hatujafungwa, na jioni ile mazoezini kila mtu alikuwa kama amebeba sinia la mayai kichwani.

Mwaka huo huo Gor Mahia walikuwa wanaelekea kutwaa ubingwa wa Kenya bila kupoteza mechi, chini ya Frank Nuttall, yule kocha wa Kiskoti. Basi chuoni kila mmoja akajifanya K'Ogalo, jina la utani la Gor. Kocha wetu akaanza kutupigia mfano wa Gor, na wa Arsenal wa msimu wa 2003/04, waliochukua ubingwa wa Uingereza bila kufungwa. Hakututajia kwamba Arsenal katika mechi zao 38 walishinda 26. Watu hao walikuwa wanatafuta mabao, na kutofungwa kukawafuata wenyewe. Sisi tuligeuza mambo. Kocha akaniita pembeni: "Wewe usivuke nusu ya uwanja tena. Bora pointi moja kuliko kuharibu rekodi." Sikubisha. Ukweli nilifurahi, maana usipovuka nusu huwezi kulaumiwa.

Mechi 5 za mwisho tulitoka sare zote.

Karibu na uwanja wetu kulikuwa na mwarobaini mkubwa, na chini yake muuza kahawa na mzee mmoja Muitaliano aliyekuja kwetu ujanani kufanya kazi kwenye kituo cha San Marco, kule Ngomeni, enzi setilaiti zikirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini. (Wageni wakiona Waitaliano Malindi hudhani wote waliletwa na ufuo na piza.) Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, isipokuwa alikiimba. Baada ya sare yetu ya tatu mfululizo akaniita, akaniagizia kahawa tungu, akaanza kunieleza habari za Perugia.

Perugia ni timu ya mji mdogo katikati ya Italia. Msimu wa 1978/79 walicheza mechi 30 za ligi kuu bila kufungwa hata moja. Yeye alikuwa huko Ngomeni, akitafuta matokeo kwenye redio usiku, sauti ikija na kupotea kama wimbi. Kila Jumapili hawajafungwa. Mwisho wa msimu bingwa akawa Milan, ambao walifungwa mara 3. Nikamuuliza imekuwaje. Akachukua kijiti akaandika kwenye mchanga: Perugia ushindi 11, sare 19, Milan ushindi 17, sare 10. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2, kwa hiyo ni 41 kwa 44. Akanitazama kama fundi anayengoja uone mwenyewe waya uliokatika.

Nikajitetea. Nilikuwa na simu, na usiku nilichimba mpaka nikapata changu. Kesho yake nikamwambia: mzee, mbona ninyi Italia mwaka 1982 kwenye Kombe la Dunia mlitoka sare mechi zote 3 za kundi, na Cameroon nao wakatoka sare zote 3, mkapita ninyi kwa sababu tu mlifunga mabao 2 na wao 1, halafu kombe mkachukua? Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. "Ndiyo," akasema, "baada ya hapo tukaacha kutoka sare." Ni kweli, nilikwenda kuhakikisha: Argentina 2-1, Brazil 3-2, Poland 2-0, Ujerumani Magharibi 3-1. Cameroon walirudi nyumbani hawajafungwa.

Basi ikaja mechi ya 10, nyumbani, na wale wale. Sisi pointi 17, wao 19. Tangu tulipowaonea huruma walikuwa wameshinda mechi 4 mfululizo. Tukishinda tu, kombe letu. Mwezi wa kumi na moja, joto lile la kabla ya kaskazi kukolea, mchanga wa pembeni unaunguza hata ndani ya njumu. Mkuu wa chuo alikuwa ameshachapisha fulana nyeupe zenye maandishi ya buluu kifuani: HATUFUNGWI. Tulizivaa tukipasha misuli. Naomba mlifikirie hilo: timu inayohitaji bao inaingia uwanjani na fulana inayojisifu kwa kutofungwa.

Dakika ya 88 bado ni 0-0. Mpira ukatoka kwa Mbuzi, ukanijia mguuni hatua mbili kabla ya mstari wa nusu, mstari wa majivu uliokuwa umeshafutika kwa kukanyagwa. Njumu yangu ya kulia soli ilikuwa imeachia mbele. Nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha mshipi wa kuvulia, na nakumbuka niliutazama ule uzi kwanza. Kisha nikainua macho. Mbele yangu kulikuwa hakuna mtu. Beki wao wa kushoto alikuwa amesimama ndani, mikono magotini. Nyasi kavu, nafasi kama ya kupitisha trela mpaka kwenye bendera ya kona. Winga wangu akanyosha mkono akaita jina langu mara mbili. Kutoka benchi nikasikia, "Tulia! Tulia!" Na mimi nikatulia. Nikageuka, nikaurudisha mpira kwa golikipa. Jukwaani, yaani mabenchi manne na ukuta, watu wakapiga makofi kwa utulivu wangu.

Kipenga kilipolia nikaona jambo ambalo sijaliona tena kwenye mpira. Timu zote mbili zilisherehekea. Wao walirukiana kwa sababu wamekuwa mabingwa na pointi zao 20. Watu wetu nao wakaingia uwanjani wakiimba "hatufungwi, hatufungwi", mama wa viazi karai akipiga vigelegele, mkuu wa chuo akitubeba mmoja mmoja. Golikipa aliketi kwenye mstari wa goli amejifunika uso kwa glavu. Ni yeye tu aliyefahamu hesabu, nadhani. Wapishi wamezoea kupima.

Mtaniambia: na Harambee Stars, timu yetu ya taifa, kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025? Waliwafunga DR Congo 1-0, sare na Angola 1-1, wakawafunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0, kisha 1-1 na Madagascar na kutolewa kwa penalti 4-3. Mechi ya penalti huandikwa sare, kwa hiyo nao hawakufungwa na hawakupata kombe. Lakini wale usiwaweke kapu moja na sisi. Mara mbili walibaki watu 10 uwanjani na hawakujikunja. Usiku ule wa Madagascar nilitazamia kwenye kibanda cha jirani, nikaondoka roho imeniuma lakini sina haya. Maumivu ya 2015 ni ya aina nyingine, na hiyo ndiyo sababu ya kuwaandikia.

Miaka minne baada ya mechi ile nilikuwa stendi ya Kilifi nasubiri matatu ya kurudi Malindi. Mtu akanishika bega. Alikuwa yule beki wao wa kushoto, amenenepa, ana duka la vipuri vya pikipiki. Akanivuta kwa muuza kahawa, tukakumbushana, tukamcheka Mbuzi. Kisha akasema, bila hila yoyote, kwamba siku ile alikazwa na misuli tangu dakika ya 80, hakuweza hata kutembea sawasawa, na kocha wao alikuwa ameshamaliza wachezaji wa akiba. Walikuwa wanaomba dua tusije upande wake.

"Nilikuona unaushika mpira," akasema, "nikajua tumekwisha. Sasa mbona hukuja, ndugu yangu?"

Nikamwambia kahawa yake inapoa.