Sanduku la wasomaji: Data imesimbwa, mkaguzi kaisoma bila ufunguo

Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa programu hapa Morogoro. Nimeijengea SACCOS moja mfumo wa wanachama kwa PHP na MySQL. Namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, akaunti za benki na hali ya mkopo nimezisimba zote, yaani nimezigeuza zisisomeke bila ufunguo, kwa AES-256-ECB, na ufunguo nimeuweka ndani ya config.php. Juzi mkaguzi wa hesabu alifungua jedwali, akatazama kidogo, akaniambia: "Hawa hapa ndio wanaodaiwa." Ufunguo hana. Amejuaje? Na nikibadilisha njia ya kusimba, karani atamtafutaje mwanachama kwa namba ya simu? Mwisho, meneja anataka mwanachama akisahau nywila tumsomee ile ile ya zamani. Naomba msaada wako.
*Kijana wa Morogoro*

Marahaba mwanangu. Mkaguzi wako hakuvunja kitu, alisoma kilichokuwa wazi. AES, ile njia ya kusimba uliyoichagua, yenyewe haina kosa. Waliibuni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, Marekani ikaifanya kiwango rasmi mwaka 2001, na hadi leo ndiyo inayolinda sehemu kubwa ya intaneti. Balaa liko kwenye zile herufi tatu za mwisho. Modi ya ECB hukata data vipande vya baiti 16, kisha kila kipande hukisimba peke yake kwa ufunguo ule ule. Kipande kimoja kikiingia mara elfu, mara zote elfu kitatoka na sura ile ile.

Sasa itazame safu yako ya hali ya mkopo. Bila shaka ina maneno mawili, tuseme "analipa" na "amechelewa". Baada ya kusimba, safu nzima ina mistari ya aina mbili tu inayopokezana kuanzia juu hadi chini. Ile iliyo mingi ni ya wanaolipa, na iliyobaki kila mtu anajua ni ya nani. Na asiyetaka kubahatisha anatosheka kumjua mdaiwa mmoja tu. Wengine wote watakuwa wamevaa sare yake. Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiihifadhi bila vistari, tarakimu 16 za kwanza zinajaza kipande kimoja kamili, kwa hiyo wanachama wawili wanaolingana hapo wataonekana wanalingana.

Unachokihitaji ni njia inayochanganya kila rekodi na namba nasibu mpya, halafu inaweka muhuri wa kugundua kama data imechezewa. Kwa PHP huna haja ya kutafuta mbali. Tangu toleo la 7.2 la mwaka 2017, sodium, maktaba ya zana za kusimba, imo ndani. Tumia sodium_crypto_aead_xchacha20poly1305_ietf_encrypt. Jina ni refu, lakini kazi yake ni safi. Kila unaposimba, chukua baiti 24 mpya kutoka random_bytes, uzihifadhi mbele ya matokeo. Hizo si siri. Muhuri unaongeza baiti 16. Hivyo simu ya tarakimu 10 itakuwa baiti 50, na safu yako ya VARCHAR(20), kama unayo ya herufi 20 tu, haitaimeza. Ipanue kabla hujahamisha data.

Kuna jambo moja mafundi wengi hulipita, nami naomba usilipite. Chombo hicho kinapokea pia data ya ziada ambayo haisimbwi ila inafungwa ndani ya muhuri. Weka hapo namba ya uanachama pamoja na jina la safu. Sababu ni hii: mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye hifadhidata anaweza kunakili akaunti ya benki iliyosimbwa kutoka mstari wa shemeji yake na kuibandika kwenye mstari wa mwanachama mwingine. Hajui ufunguo, wala hauhitaji. Mfumo wako ungeisimbua vizuri kabisa na mkopo ungekwenda kwa shemeji. Namba ya uanachama ikiwa ndani ya muhuri, usimbuaji unakataa hapo hapo.

Kuhusu karani. Ni kweli, namba ile ile ikisimbwa mara mbili itatoka tofauti, kwa hiyo kutafuta kwa WHERE simu = … hakutapata kitu. Ongeza safu ya pili iwe faharasa. Chukua namba ya simu, ipitishe kwenye HMAC-SHA256, kanuni inayoigeuza kuwa alama isiyorudishwa nyuma, kwa ufunguo mwingine kabisa, uhifadhi matokeo. Karani akiandika namba, mfumo unaikokotoa vivyo hivyo na kulinganisha. Usijaribiwe kutumia SHA-256 tupu isiyo na ufunguo. Namba zetu za simu za mkononi huanza na 06 au 07, zikifuatiwa na tarakimu nane. Jumla ni milioni 200, na kompyuta ya kawaida inazipitia zote kwa dakika chache. Halafu zinyooshe namba kabla ya kukokotoa, kwa sababu 0712, +255712 na 0712 yenye nafasi katikati zitatoa majibu matatu tofauti, na karani atakwambia mwanachama hayupo.

Faharasa hiyo ina gharama yake: inaonyesha mistari inayolingana. Kwa simu na NIDA ni sawa, maana kila mtu ana yake. Kwa hali ya mkopo ungekuwa umerudi pale pale kwa mkaguzi. Ushauri wangu ni kwamba safu hiyo iache wazi, uilinde kwa ruhusa za watumiaji, kwa sababu lazima ujumlishe na kutoa ripoti kila mwezi. Si kila kitu kinalindwa kwa kusimba.

Ufunguo ndani ya config.php ndio unaonitia hofu kuliko ECB. Faili hilo linanakiliwa kila unapochukua chelezo (nakala ya akiba) ya tovuti, na chelezo za ofisi nyingi naziona kwenye flashi mezani. Aliyeokota flashi amepata sanduku na ufunguo wake kwa pamoja. Utoe kwenye kodi ya programu, utoe kwenye folda ya tovuti, usiupeleke GitHub, kule mafundi wanakohifadhi kodi zao mtandaoni, hata kama hazina yako ni ya faragha. Weka faili nje ya folda hiyo, mmiliki awe mtumiaji anayeendesha programu, ruhusa iwe 600, yaani yeye peke yake asome na kuandika, na chelezo isiliguse. Seva yako ikiwa kwenye wingu, tumia huduma yao ya kutunza funguo. Nakala moja ya karatasi ifungwe kwenye bahasha iliyosainiwa na mwenyekiti na mweka hazina, ikae kwenye sefu ya SACCOS. Ufunguo ukipotea, namba hizo hazirudi, hata ukimwita nani. Kila rekodi uitangulize na alama ya toleo, v1, ili siku ya kubadilisha ufunguo ujue ipi imesimbwa kwa upi.

Na meneja umwambie hapana. Kwa heshima, lakini hapana. Nywila haisimbwi, kwa sababu kinachosimbwa kinasimbulika. Mwaka 2013 Adobe waliibiwa hifadhidata ya watumiaji ambamo nywila zilisimbwa kwa 3DES, njia ya kusimba ya zamani, tena kwa ECB hiyo hiyo, zikiwa na vidokezo vya kukumbushia vilivyoandikwa wazi. Hakuna aliyehitaji ufunguo. Watu walipanga nywila zinazofanana pamoja, wakasoma vidokezo vya wenye nywila moja, wakazitambua. Iliyotumika zaidi ilikuwa 123456. Wewe tumia password_hash, inayogeuza nywila kuwa alama isiyorudishwa nyuma, wakati wa kuhifadhi, na password_verify wakati wa kuingia. Mwanachama akisahau, atumiwe kiungo cha kuweka nywila mpya. Hakuna mfanyakazi, hata meneja, anayestahili kujua nywila ya mwanachama.

Uelewe pia mpaka wa kazi hii. Mwizi akiingia kupitia programu yenyewe, kwa mfano kwa fomu isiyochuja maandishi, programu itamsimbulia kama inavyomsimbulia karani. Kusimba kunamzuia aliyeiba chelezo au diski. Mlango wa mbele bado unahitaji kazi yake.

---

Assalaam aleikum dada. Nasimamia tovuti ya zahanati Mombasa. Wagonjwa hujaza fomu ya miadi na kueleza wanaumwa nini. Tovuti ina kufuli na https. Je, hiyo haitoshi?
*Msomaji wa Mombasa*

Waaleikum salaam. Kufuli hilo linalinda safari kati ya simu ya mgonjwa na seva yenu. Ikishafika, data inasimbuliwa, na kuanzia hapo maelezo ya ugonjwa yamelala wazi kwenye hifadhidata. Angalia pia barua pepe: tovuti nyingi za miadi hutuma nakala ya fomu nzima kwenye sanduku la ofisi. Kama yenu inafanya hivyo, badilisha leo. Barua iseme tu kuna miadi mpya, ingia uisome. Pekua na kumbukumbu za seva, maana fomu iliyotumwa kwa GET huacha maneno ya mgonjwa ndani ya anwani inayorekodiwa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, mnatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba data iliyovuja ikiwa ilishalindwa ipasavyo, kwa mfano kwa kusimbwa, wahusika wanaweza wasilazimike kujulishwa. Simbeni maelezo ya ugonjwa kwa njia niliyomweleza kijana wa Morogoro, na miadi iliyopita ambayo daktari haihitaji tena ifuteni.

---

Mama, rafiki yangu ananiambia nitumie Base64, eti inasimba na ni nyepesi.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Haisimbi, mwanangu. Haina ufunguo. Inageuza tu baiti kuwa herufi zinazopita salama kwenye maandishi, na yeyote anaigeuza nyuma kwa amri moja. Itumie baada ya kusimba, pale unapohitaji kuweka matokeo kwenye JSON, ule muundo wa maandishi ambao programu hupeana data.